Somo Juu ya Sura za Nyota na Visa Vilivyofungamanishwa Nazo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeipamba mbingu ya karibu kwa taa zake, akazifanya nyota ziwe uongozi kwa msafiri wa bara na wa bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Jueni, ndugu zangu, ya kuwa jicho la mwanadamu halistahimili kutazama kitu kisicho na sura. Mtu apitaye usiku kwa mtumbwi katika mito ya Delta hukiona kisiki cha mkoko kwanza kuwa ni mtu aliyeinama, kisha ndipo akione kuwa ni kisiki. Wala jambo hili si upungufu wa akili. Kwani mwenye kudhani gogo kuwa ni mamba hapati hasara illa kugutuka kidogo. Ama mwenye kudhani mamba kuwa ni gogo, huyo hasara yake yajulikana. Basi Mola ametuumba tukiharakia kuona uso na kiwiliwili hata pale pasipo na mtu, na hiyo ni neema katika mahali pake. Lakini jicho hilo hilo likielekezwa mbinguni, penye nyota zilizotawanyika, huziunga hii na hii, likafanya simba, na nge, na mtu aliyeshika upanga. Kisha ulimi ukatunga kisa.

Tazameni nyota saba zinazoonekana upande wa kaskazini nyakati za usiku wa mwezi wa Aprili. Wayunani walisema ni dubu. Waingereza wengi waziita plau. Waarabu wa kale walisema nne ni jeneza, na tatu ni mabinti waliofiwa na baba yao, nao walifuata jeneza lake, na kwa hiyo wakaziita Banati Naashi. Nyota ni zile zile saba, walakini huyu aona mnyama, na huyu chombo cha mkulima, na huyu msiba. Lau sura ile ingekuwa imo katika nyota zenyewe, wasingalikhitalifu hivi.

Na dalili iliyo wazi zaidi ni Jabari, aliye pia Jauza wa Waarabu. Mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, yeye yu karibu na utosi wa mtu asimamaye hapa kwetu Mtawanya, na nyota tatu za mshipi wake hazimpotei hata mtoto. Nyota ya bega lake moja yatufikia nuru yake kwa muda wa miaka 250 takriban. Na nyota ya mguu wake, Rijl, ambayo Wazungu wameipokea kwetu wakaiita Rigel, yatufikia nuru yake kwa miaka 860 hivi. Nuru nayo hukata kilomita 300,000 katika sekunde moja. Basi bega na mguu wa mtu mmoja vimeachana umbali usiosemeka! Lau ungehamishwa ukasimame penye nyota nyingine, Jabari asingekuwapo kabisa.

Wanachuoni wetu hawakughafilika na haya. Abdurrahmani as-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903 wa Miladi, alitunga mwaka 964 kitabu chake cha sura za nyota, na kila sura aliichora mara mbili: mara moja kama ionekanavyo kutoka ardhini, na mara ya pili kama iwavyo juu ya tufe la falaki likitazamwa kwa nje. Mwenye kuchora kitu hivyo ajua ya kuwa sura yategemea mahali pa mtazamaji. Na katika kitabu hicho alitaja kijiwingu kidogo karibu na kinywa cha Samaki Mkubwa. Kijiwingu hicho ndicho kiitwacho leo Andromeda. Na katika miaka ya 1920 Mmarekani Edwin Hubble alibainisha ya kuwa si wingu, bali ni jamii kubwa ya nyota iliyo nje kabisa ya jamii yetu. Nuru yake hutufikia kwa miaka milioni 2 na nusu.

Ikiwa ni hivyo, je, kuzitaja sura hizi ni haramu? La. Kuita nyota Simba au Nge ili zitambulike ni kama kuita kisiwa kwa jina, hapana ubaya. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul-Anaam, aya ya 97, na Suratun-Nahl, aya ya 16, ya kuwa watu huongoka kwa nyota. Na Qatada, kama alivyopokea Imam Bukhari, alisema ya kuwa nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, na vimondo vya kupigia mashetani, na alama za kuongozea, mwenye kuzidisha juu ya hayo amekosea. Ubaya huingia pale kisa kinapopewa hukumu.

Mfano wake ni Kilimia. Wazee wetu wa mashamba ya mpunga wakiangalia kuzama kwake na kuzuka kwake ili wajue majira ya mvua na ya jua, na jina lake lenyewe latokana na kulima. Je, haya yaingia katika makatazo ya Hadithi ya Zaid bin Khalid, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya wale waliosema baada ya mvua ya Hudaibia ya kuwa wamenyeshewa na nyota fulani? Imam wetu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, amelifafanua jambo hili katika kitabu chake al-Umm. Asemaye hivyo akikusudia ya kuwa nyota ndiyo iletayo mvua, hiyo ni kufuru. Ama akikusudia wakati tu, kama mtu asemavyo tumenyeshewa katika mwezi fulani, basi si kufuru, ingawa maneno mengine yapendeza zaidi. Basi mkulima na aitazame Kilimia kama aitazamavyo kalenda, wala asiiombe kitu.

Ama kisa cha Zuhura, kwamba alikuwa mwanamke aliyewafitini Haruta na Maruta kisha akageuzwa nyota, hiki husimuliwa sana barazani. Katika Suratul-Baqara, aya ya 102, hamna mwanamke wala hamna nyota. Ibn Kathiri ameeleza ya kuwa masimulizi haya yarejea kwa Kaabul-Ahbari, yaani ni katika habari za Wana wa Israili. Msiwasomeshe watoto kana kwamba ni Kurani.

Na hapa nakuja katika jambo linaloniuma. Wako watu kijumba hata kijumba ambao, kijana akija kuposa, huchukua jina lake na jina la mama yake, wakahesabu herufi kwa abjadi, wakagawanya kwa kumi na mbili, kisha wakasema: huyu nyota yake ni Akrabu, na binti ni Asadi, hawapatani. Posa ikavunjwa! Binti akakaa, na kijana akaondoka na fedheha asiyoijua sababu yake. Enyi wazazi, fungueni Minhaji ya Imam Nawawi, mlango wa kafaa. Mtakuta mambo matano: kusalimika na aibu zithibitishazo hiari, na uungwana, na nasaba, na kujihifadhi na ufasiki, na kazi. Nyota i wapi? Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwa maana yake, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daudi, ya kuwa mwenye kuchuma elimu kutoka katika nyota amechuma tawi la uchawi.

Tena hesabu yenyewe haisimami hata kwa kanuni za wanajimu. Mwanzo wa Aprili wao husema jua limo Hamali, na hali kwa macho limo Hutu. Kwani buruji zimeondoka mahali pa jedwali za kale kwa kadiri ya digrii moja kila miaka 72. As-Sufi alilijua hili, naye alihesabu kila miaka 66. Na mwanzo wa Desemba jua hupita katika sura ya Hawwa, mshika nyoka, asiyemo katika zile kumi na mbili. Sijui aliyezaliwa siku hizo wamemwandalia mchumba gani.

Limezuka na jambo jipya, nalo laja kwa sura ya dini, kwa hiyo latutaka tahadhari zaidi. Katika simu hupita picha ya nebula iitwayo Jicho la Paka, rangi yake nyekundu kama ua, pamoja na maneno ya kuwa hii ndiyo tafsiri ya Suratur-Rahman, aya ya 37. Wapo maimamu wanaoisoma katika hotuba. Aya ile yazungumzia kupasuka kwa mbingu, na wafasiri wamesema ni habari ya Siku ya Kiyama. Na nebula ile ni hewa iliyotolewa na nyota moja inayokwisha, iliyo mbali nasi kiasi cha miaka 3,000 ya nuru. Na rangi za picha hupangwa na wataalamu ili aina za hewa zipambanuke. Wakizipanga vingine, ua halipo. Basi kijana aliyeambiwa ya kuwa ukweli wa Kurani umo katika ua hili, atakapoonyeshwa picha ile ile kwa rangi ya samawati, tutamjibu nini? Kurani ilithibiti vifuani mwa watu kabla ya darubini.

Ibrahimu, mwana wa Mtume, alipofariki Madina katika mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Hapana kisa ambacho kingempendeza zaidi mzazi aliyefiwa. Naye akakikataa, akawafundisha ya kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake, kisha akawasalisha.

Imebaki faida ya kibla. Sisi wa Mtawanya na Kibiti tumekaribiana sana na Makka katika longitudo, hata kibla chetu ni kaskazini, kikielekea mashariki kwa kiasi cha digrii 2 tu. Nyota ya Jaa haionekani kwetu, kwani i chini ya upeo. Basi karibu na tarehe 20 Aprili, saa tatu usiku, tazama zile nyota mbili za mbele za Banati Naashi, zilizo upande wa kushoto wako. Zinapokuwa wima, moja juu ya mwenziwe, teremsha mstari kutoka ya juu kupitia ya chini mpaka ardhini: hapo ndipo kaskazini. Na katikati ya Mei, saa hiyo hiyo, Salibu husimama wima upande wa kusini. Ipe mgongo, nawe umekielekea kibla. Wanafunzi na walijaribu usiku usio na mawingu, kisha walinganishe na mihrabu ya msikiti wao. Wallahu aalam.