Kidonge, sindano na dhamiri: tusome Katekisimu namba 2291



Leo fungueni Katekisimu, namba 2291. Inatufundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba tu. Wengi wetu tunaipita mbio: dawa za kulevya ni dhambi, basi, namba inayofuata. Hebu tusimame kwanza kwenye neno "tiba". Je, kama kilichoanza kuwa tiba ndicho kilichogeuka kuwa minyororo?

Ilitokea Austin, mji mdogo wa watu kama 4,200 huko vijijini Indiana, Marekani. Kaunti yao, Scott, ilikuwa imepata wagonjwa wapya wa VVU watano tu kati ya 2004 na 2013. Kufikia Novemba 2015 walikuwa wamegundulika 181. Chanzo kilikuwa kidonge cha maumivu kiitwacho Opana, dawa halali kabisa, ya kuandikiwa na daktari. Watu walikuwa wanakisaga na kukivuta puani. Mwaka 2012 kampuni ikakitengeneza upya kiwe kigumu kusagika, na watu wakahamia kwenye kukiyeyusha na kujidunga. Nguvu yake inaisha upesi, kwa hiyo wengine walijidunga hata mara 15 kwa siku, sindano moja ikizunguka kwa watu kadhaa. Wachunguzi walikuta familia ambazo vizazi vitatu vinajidunga pamoja. Vizazi vitatu, jamani, nyumba moja.

Tarehe 26 Machi 2015 gavana Mike Pence, ambaye mwenyewe hakupenda mipango ya kubadilishana sindano, alitangaza hali ya dharura na kuiruhusu: unaleta chafu, unapewa safi. Maambukizi mapya yakapungua sana.

Sasa swali letu. Ukimpa mraibu sindano safi, si unamsaidia kutenda dhambi? Hapa ndipo ile falsafa tunayosomeshwa seminarini inapata kazi. Kuna kushirikiana na uovu kwa kuutaka, na hilo haliruhusiwi kamwe. Na kuna kutoa kitu ambacho mwingine atakitumia vibaya, wewe ukiwa hutaki uovu wake, na ukiwa na sababu nzito ya kukitoa. Hili la pili lazima lipimwe. Kanisa lenyewe limelipima kwa uangalifu: mwaka 1999 Vatikani iliwaagiza masista wa Sydney wajitoe kwenye mpango wa chumba cha kujidungia chini ya uangalizi, lakini mwaka 2010 Caritas ya Jimbo Katoliki la Albany, New York, ilianza kugawa sindano safi. Kwa maoni yangu mambo haya mawili hayafanani. La kwanza linakipa kitendo chenyewe paa na kiti. La pili linazuia kifo, na linampa mgonjwa sababu ya kurudi kesho kuonana na mtu anayeweza kumpeleka kwenye tiba. Najua wapo mafrateri wenzangu watakaobisha, na wabishe tu.

Someni pia namba 1735: mazoea, hofu na hali ya nafsi vinaweza kupunguza lawama ya mtu kwa alichotenda. Haisemi kitendo kimekuwa chema. Inasema yule bibi wa Austin anayejidunga na mjukuu wake, usimhukumu kama mtu aliyeamka leo akachagua kwa uhuru wote.

Mwaka 2021 viongozi wa kaunti ya Scott walipiga kura, wawili kwa mmoja, kuufunga mpango ule.

Kwa kikao chenu cha vijana wiki hii: chukueni kura ile. Mmoja atetee wale wawili, mwingine amtetee yule mmoja, na kila mtu atumie 2291 na 1735 zote mbili. Kisha mjiulize, katika kigango chenu, mzazi ambaye kijana wake anajidunga anamwambia nani?