Kopo la Sukari Lisifichwe: Kijitabu cha Nyumba Yenye Mgonjwa wa Kisukari

Mtu akishaambiwa kliniki kwamba ana kisukari, jambo la kwanza linalofanyika nyumbani ni kuificha sukari. Kopo linahamishwa kutoka mezani kwenda juu ya kabati, wajukuu wanakatazwa kumtilia babu sukari kwenye chai, na jirani akileta kashata anaambiwa huyu haruhusiwi. Nia ni njema. Lakini ipo siku sukari hiyo hiyo ndiyo itakayomwokoa, na siku hiyo hakuna muda wa kutafuta kiti cha kupandia kabatini.

Kijitabu hiki ni cha siku hiyo. Kimeandikwa zaidi kwa ajili ya watu wa nyumbani kuliko mgonjwa mwenyewe, kwa sababu sukari ikishuka sana humwondolea mgonjwa akili ya kujisaidia. Wa kwanza kuona ni mke, mjukuu, mpangaji wa chumba cha pili au abiria aliyekaa naye kwenye daladala.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 walikuwa na kisukari. Hesabu hiyo ina maana kwamba nyumba ya kupanga yenye familia sita, iwe Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta jijini Dar es Salaam, inaweza kabisa kuwa na mgonjwa, hata kama majirani hawajui.

Kwa nini sukari inashuka

Ubongo unategemea sukari iliyomo kwenye damu kila dakika, usiku na mchana. Kwa mtu mzima mwenye afya, ini huweka akiba na kuitoa polepole chakula kinapochelewa. Dawa za kisukari ndizo zinazoweza kuvuruga mpango huo. Insulini ikishaingia mwilini inafanya kazi yake, umekula au hujala. Vivyo hivyo vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, yaani glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiraidi. Metfomini ikitumika peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi. Basi leo hii toa pakiti za dawa za mgonjwa wenu, soma majina, na kama huna hakika zipeleke kwa mfamasia akusomee. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue kama dawa anayotumia mgonjwa ni ya kundi linaloweza kumwangusha.

Kwa mgonjwa anayetumia dawa hizo, kipimo kikiwa chini ya 4 kwenye mashine ya kutoboa kidole, sukari imeshuka na inabidi ashughulikiwe. Chini ya 3 ni hatari kubwa. Ziko mashine zinazosoma kwa namba kubwa. Kwa hizo, 4 ni kama 70, na 3 ni kama 54.

Sababu iliyo kubwa kwenye mitaa yetu ni chakula kuchelewa wakati dawa haikuchelewa. Tuseme kuna mama wa Chamazi anayeuza samaki. Anaamka saa tisa usiku kuwahi mnada wa samaki wa Feri, anameza kidonge chake cha glibenklamaidi kwa chai ya rangi isiyo na sukari, anajiambia atakula akifika. Anafika, mnada umeanza, anapigania ndoo yake, anapanda gari kurudi, na foleni inamshika. Saa nne asubuhi bado hajatia kitu tumboni, na kazi ya kubeba imetumia sukari yote aliyokuwa nayo. Mama huyu hakukosea kumeza dawa, wala hakukosea kwenda kazini. Kilichokosekana ni kuambiwa kwamba dawa hii na chakula haviachani: kidonge kinamezwa chakula kikiwa tayari mezani. Akiwa na vitumbua viwili kwenye mkoba, humeza kidonge pale pale anapovila.

Kwa anayejichoma insulini yako mambo mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. La kwanza ni bomba la sindano. Angalia kifuniko chake na namba iliyoandikwa ubavuni. Yapo mabomba ya alama 40, ambayo kwa kawaida yana kifuniko chekundu, na ya alama 100, yenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Chupa ya insulini nayo imeandikwa ni ya 40 au ya 100. Insulini ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40 hadi mstari wa 20, mgonjwa amejichoma uniti 50. Kosa la namna hiyo linaua, na linatokea pale duka la dawa linapoishiwa bomba alilozoea mgonjwa na kumpa jingine.

La pili ni joto. Insulini iliyokaa dirishani chini ya bati la Dar es Salaam hupungua nguvu. Sukari inapanda, dozi inaongezwa, halafu mwezi unaofuata inafunguliwa chupa mpya yenye nguvu zake zote, na mgonjwa anajichoma ile dozi iliyoongezwa. Usiku huo ndio anaanguka. Wasio na friji waweke chupa ndani ya kopo safi lililofungwa, walizamishe kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Chupa isigandishwe kamwe.

Wazee wahurumiwe zaidi. Figo zikichoka, glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na dozi aliyoizoea miaka kumi inaanza kumzidi. Mzee akiharisha, akitapika au akikataa chakula, msiendelee kumpa vidonge hivyo kwa mazoea. Mpigieni mhudumu wa kliniki au mpelekeni siku hiyo hiyo. Anayetumia insulini, hasa aliyeanza kisukari utotoni, asiiache yote kwa uamuzi wake, maana sukari ikipanda mno nayo inaua. Dawa za magonjwa mengine nazo zina mkono: kwinini ya malaria inaweza kuishusha sukari, na antibiotiki ya Septrin ikikutana na vidonge kama glibenklamaidi inaweza kuvizidisha nguvu. Baadhi ya dawa za miti shamba nazo zinashusha sukari, kwa hiyo daktari aambiwe, na asione haya anayezitumia.

Dalili, na jinsi zinavyodanganya

Dalili huanza kwa kijasho chembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi. Sukari iliyoshuka isipotibiwa, dalili zinapanda kichwani: anaona ukungu, anajibu vitu ambavyo hakuulizwa, anakuwa mkali bila sababu, anapepesuka. Hapo ndipo watu wanapopotea njia. Mtaani watasema amelewa. Ndugu watasema kapandwa na mashetani na kuanza kutafuta ubani. Mwingine atasema ni presha. Akiwa ni mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa tulizozitaja, tibuni sukari kwanza. Mengine yatajadiliwa akishaamka na kuwatambua.

Usiku dalili hujificha. Katika joto la huku kwetu kila mtu anatoka jasho, lakini angalia: shuka limelowa upande wake tu, ngozi yake ni ya baridi, na wewe uliyelala pembeni umekauka. Anaweza kuweweseka, au kuamka asubuhi na kichwa kinachogonga. Mwamshe umpime.

Wako wasiosikia dalili kabisa, hasa waliougua miaka mingi au ambao sukari yao hushuka mara kwa mara. Na dawa kama propranolo, ambayo wengine wanapewa kwa ajili ya presha au moyo, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo, ingawa jasho hubaki.

Anajitambua na anaweza kumeza

Mkalishe. Kama mashine ipo karibu, pima. Kama haipo, usiitafute mtaa mzima, tibu. Chukua vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, koroga kwenye nusu kikombe cha maji yasiyo ya moto, mpe anywe yote. Badala yake unaweza kumpa nusu chupa ya soda ya kawaida au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu, hata ikifanana kopo na jina. Maziwa, karanga, nyama na ugali ni vizuri, lakini vinachelewa mno kwa wakati huu.

Ngoja dakika 15 kwa saa, usikisie. Pima tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, au hana nafuu, mpe tena sukari kwa kiasi kile kile. Hofu huwafanya watu wamnyweshe mgonjwa soda mbili na maandazi matano kwa pamoja, na jioni sukari inasoma 18. Akishatulia, mpe chakula cha kawaida kidogo, kama mkate, ndizi, uji au kiporo cha wali, ili isishuke tena. Mkirudia mara tatu bila nafuu, nendeni hospitali.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: je, kama kumbe sukari imepanda, sitamdhuru kwa kumwongezea? Kikombe kimoja hakitamwongezea madhara makubwa. Kumwacha na sukari iliyoshuka kunaweza kumharibu ubongo au kumwua. Ukishindwa kutofautisha, mpe.

Hajitambui, au anatingishika kwa degedege

Usimmiminie kitu mdomoni, si maji, si soda, si maziwa. Kitaingia kwenye mapafu. Usimtie kijiko kati ya meno. Usimchome insulini. Mlaze ubavu, legeza nguo, na mtu mmoja akimbilie bajaji au gari la jirani huku mwingine akibaki naye. Bodaboda haifai kwa asiyejishikilia. Nenda kituo kilicho karibu chenye uwezo wa kuweka dripu. Hospitali za Mwananyamala na Temeke ni za rufaa, lakini msiruke kituo cha afya kilicho njiani mkihangaikia jina kubwa. Mlangoni sema neno moja kwanza: huyu ana kisukari, na dawa zake ni hizi. Beba pakiti zenyewe.

Akiamka baada ya dripu ya glukosi, familia hufurahi na kutaka kuondoka. Kwa anayetumia glibenklamaidi msiondoke. Dawa hiyo bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye, hata kesho yake. Ombeni abaki aangaliwe.

Mtoto mwenye homa

Sukari hushuka pia kwa mtoto asiye na kisukari hata kidogo. Malaria kali, kuharisha, au kukaa bila kunyonya humaliza akiba ndogo aliyonayo, na anaweza kushikwa na degedege kwa sababu hiyo. Kwenye ukanda wetu wa pwani degedege limepewa tiba nyingi za kienyeji, ikiwemo kumfukizia mtoto kinyesi cha tembo. Wazee walifanya hivyo kwa kumpenda mtoto, lakini saa inayopotea kwenye moshi ndiyo saa aliyohitaji glukosi na sindano ya malaria. Mkiwa njiani, anyonye kama anaweza. Asiyenyonya lakini anameza, apewe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye kikombe cha mililita 200 za maji safi, anywe vijiko viwili au vitatu vya chakula. Zahanati waombeni wapime malaria na sukari pia.

Ramadhani na pombe

Anayetumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi wa Ramadhani, maana dozi na saa zake zitabadilishwa. Daku isirukwe. Kutoboa kidole hakufunguzi saumu, na sukari ikishuka chini ya 3.9 anafuturu hapo hapo, hata ikiwa imebaki dakika kumi kabla ya adhana.

Pombe hulizuia ini kutoa akiba yake. Anayekunywa bila kula, sukari yake inaweza kushuka asubuhi, pombe ikiwa imeshamtoka kichwani. Anayenuka pombe na ana kisukari asiachwe alale tu, aamshwe, apimwe.

Baada ya tukio

Andikeni kwenye daftari saa ilipotokea, namba iliyosomwa, alichokula siku hiyo na dawa aliyotumia. Mgonjwa abebe pipi mfukoni na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa zake na simu ya ndugu. Daftari hilo mlipeleke kliniki bila kusubiri tarehe ya miezi miwili ijayo, hata kama alipona kwa kikombe kimoja. Kwa maandishi hayo daktari ataweza kupunguza dozi ya jioni, au kumtoa kwenye glibenklamaidi na kumpa dawa isiyomwangusha.