Majibu ya Homoni Yamekushtua? Usikimbilie Sindano

Kuanzia Tegeta hadi Mbagala, kupima mwili mzima kumekuwa jambo la kawaida. Mwanaume ana nguvu zake, kazini anakwenda, Jumapili anacheza mpira. Anaingia maabara kuangalia sukari, anatoka na karatasi yenye mshale unaotazama chini mbele ya neno testosteroni. Kuanzia hapo usingizi unamruka. Kabla hujaamini kwamba unaumwa, pitia haya.

1. Damu ilitolewa saa ngapi? Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Kipimo kizuri ni cha kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala. Ukitoka kazini Posta, ukapambana na foleni, ukala chipsi mayai na kufika maabara saa 11 jioni, majibu hayo hayatoshi kukuhukumu. Na mlinzi asiende maabara moja kwa moja akitoka lindo la usiku. Alale kwanza kama kawaida yake, apime akishaamka.

2. Rudia. Jibu moja halitoshi kusema una upungufu. Kama umetoka kuugua malaria au homa yoyote kali, subiri upone kabisa, maana ugonjwa peke yake huishusha testosteroni.

3. Ujue mshale unatoka wapi. Kwa kawaida maabara hupima watu wenye afya, kisha huweka mipaka inayowaingiza 95 kati ya 100. Watano waliobaki nje nao ni wazima! Ndiyo maana vile vifurushi vya vipimo vingi huzaa hofu nyingi: ukipima vitu 10 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mipaka bila ugonjwa wowote unafika kama asilimia 40.

4. Tazama kizio. 12 kwa nanomoli kwa lita ni karibu sawa na 346 kwa nanogramu kwa desilita. Ukibadilisha maabara, usilinganishe namba tupu.

5. Taja kila unachomeza. Vidonge vya kuotesha ndevu na nywele mara nyingi vina biotini, na biotini nyingi inaweza kuvuruga kipimo chenyewe ilhali homoni zako ziko sawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, hupandisha prolaktini, homoni ya maziwa, haloperidoli vilevile. Taja pia unga wa misuli uliopewa jimu, na vumbi la Kongo. Daktari hakuulizi ili akuaibishe. Ila dawa uliyoandikiwa hospitali usiiache bila kumuuliza yeye.

6. Usichome testosteroni kwa sababu ya karatasi moja. Hapa ndipo naogopa zaidi, hasa kwa kijana anayetaka watoto. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo huona imetosha, unaacha kuziamuru korodani, na mbegu hupungua au hukauka kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu sindano hizo, moja kila wiki, kama uzazi wa mpango wa wanaume. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na zilifanya kazi. Ukiacha, mbegu kurudi huchukua miezi mingi. Anayekuuzia sindano dukani kabla hajakuuliza kama una mpango wa kuzaa, ondoka. Kwanza daktari apime homoni za ubongo zinazoamuru korodani, LH na FSH, ndipo ajue tatizo liko wapi, kama lipo. Kitambi nacho huishusha namba, na hicho dawa yake si sindano.

7. Yapo majibu yasiyosubiri. Kipimo cha mimba kikitoka chanya kwa mwanaume, watu hucheka. Usicheke: homoni ya mimba inayopimwa hapo inaweza kutoka kwenye uvimbe wa korodani, na saratani ya korodani ikiwahiwa hutibika vizuri sana. Vilevile prolaktini ya juu pamoja na kichwa kinachouma, macho yanayopoteza uoni wa pembeni, au maziwa kutoka kifuani. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au Mwananyamala na karatasi zako zote, za zamani na mpya, uombe kuonana na daktari. Ikihitajika, atakuandikia rufaa ya Muhimbili.