Kipimo cha dawa nacho kiwe imara

Mgonjwa mmoja wa hapa Riruta Satellite aliniuliza: "Daktari, nitajuaje kuwa hii azithromycin si chaki?" Kwa macho, hatuwezi kujua, wewe wala mimi. Ni kazi ya maabara, kama ile ya Kitaifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa hapa Nairobi.

Dawa husagwa, huyeyushwa, kisha husukumwa ndani ya mrija wa chuma uliojaa chembechembe ndogo sana. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake na kupimwa. Njia hii huitwa kromatografia.

Azithromycin ina tatizo lake. Kitabu rasmi cha dawa cha Ulaya huagiza ipimwe katika kiowevu chenye pH 11, yaani alkali kali. Mirija mingi hujazwa silika, jamaa ya mchanga na kioo, ambayo kwa kawaida huanza kulika pH inapopita 8. Mrija uliolika hudanganya: dawa njema hukataliwa, mbovu hupita.

Anayenunua mrija aulize:

1. Umejazwa nini? Polima nyingi huvumilia hadi pH 13. Silika iliyounganishwa na kaboni, hadi 12.
2. Unavumilia joto kiasi gani? Joto huzidisha ukali wa alkali.
3. Una kimrija cha kinga mbele yake?

Nawe, nunua dawa katika duka lenye leseni na utunze pakiti. Ukikosa nafuu, mletee daktari wako pakiti hiyo. Nambari iliyo juu yake ndiyo huonyesha dawa ilikotoka.