Dada, tumwachishe kaka vidonge tusubiri dawa mpya?

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Kaka yako anakunywa haloperidoli. Sauti alizokuwa akizisikia zimepungua, lakini sasa anatembea kama roboti na chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Umesoma kwenye simu kwamba zinatengenezwa dawa zinazofika ubongoni vizuri zaidi, unauliza kama aache hizi asubiri hizo.

Asiache! Akikatisha ghafla, zile sauti zinaweza kurudi.

Ni kweli ubongo una ukuta mkali, na dawa nyingi huishia mlangoni. Ila haloperidoli inapita, tangu ilipotengenezwa mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen kule Ubelgiji. Shida yake ni kwamba ikishaingia haichagui chumba. Inatuliza sauti, halafu inagusa na pale panapoongoza mwendo; huko ndiko kukakamaa kunakotoka. Ingeingia nyingi zaidi, kaka angekakamaa zaidi.

Katika hizo dawa mpya, mimi iliyonifurahisha ni ile iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2024. Kidonge kimoja, dawa mbili. Zanomelini inaingia ubongoni, lakini ilikuwa ikivuruga tumbo, ndiyo maana iliwekwa kando miaka mingi. Wakaipa mwenza, trospiamu, dawa ya zamani ya kibofu, ambayo ukuta ule karibu hauipitishi kabisa. Huyu anabaki nje kulinda tumbo, mwenzake yuko ndani anachapa kazi. Kutapika bado kupo kwa baadhi ya watu, tusidanganyane.

Na kurekebisha dawa hakukuanza jana. Sindano ya flufenazini wanayochomwa wagonjwa kila baada ya wiki kadhaa ni dawa iliyounganishwa na asidi ya mafuta, ikayeyushwa kwenye mafuta ya ufuta (naam, ufuta, kama ule wa Lindi), ili itoke kwenye msuli kidogokidogo. Inamfaa anayesahau vidonge, ingawa nayo hukakamaza.

Kwa hiyo, wakati kaka anaendelea na vidonge vyake, kliniki msiulizie ile dawa ya Marekani. Ulizeni kama dozi inaweza kupunguzwa, kama kuna haja ya benzeksoli ya kulegeza mwili, au kama abadilishiwe dawa. Kaka akikubali, mrekodi kwa simu akiwa ameshika kikombe chake cha chai. Daktari anamwona dakika chache tu, tena akiwa ameketi.