Kushusha Pikapu Bila Kupoteza Ulaini wa Mwendo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Pikapu ni gari la kazi, lakini si kila mwenye pikapu hubeba tani moja kila siku. Wapo wanaoiendesha mjini wakiwa na mzigo mdogo au bila mzigo wowote, na wangependa ikae chini zaidi. Wengine huvutiwa na umbo lake, wengine hutaka wepesi wa kupakia, na wengine hutaka gari lisiyumbe sana kwenye kona. Hayo ni matakwa halali ya mwenye mali, na gereji za kufanya kazi hiyo zipo. Tatizo ni kwamba bei zake hutofautiana sana, na mteja asiyejua sababu ya tofauti hiyo huvutwa na ile ya chini.

Magari mawili yaliyoshushwa kwa sentimita 5 hufanana yakiwa yameegeshwa. Moja linaweza kupita juu ya tuta kwa utulivu, na jingine likagonga kila shimo mpaka mgongo wa dereva uchoke, bushi zilegee na chesisi ipate ufa. Katika somo hili tunaeleza chanzo cha tofauti hiyo, njia zinazotumika, na mambo ambayo mteja anapaswa kukubaliana na fundi kabla ya kutoa fedha.

1. Ulaini wa mwendo unatoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba ulaini wa gari ni kazi ya springi peke yake. Kwa kweli kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Springi hubeba uzito wa gari na kupokea pigo la shimo au tuta. Shokomzoba, ambazo mitaani huitwa shokapu, hutuliza springi ili isiendelee kurukaruka baada ya pigo. Kitu cha tatu ni nafasi: umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla ya ekseli au mkono wa gurudumu kugonga mpira wa kizuizi uliofungwa kwenye chesisi.

Nafasi hiyo ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo kiini cha somo letu. Springi hata ikiwa bora namna gani haina msaada ikiwa haina pa kwenda. Mpira ukishaguswa, pigo la barabara huenda moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye viti na kwenye mzigo. Kwa hiyo mbali na kuuliza gari litashuka kwa kiasi gani, mteja aulize pia: baada ya kushuka, itabaki nafasi kiasi gani?

2. Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa pikapu ambayo, ikiwa tupu, ina sentimita 10 kati ya ekseli ya nyuma na mpira wa kizuizi. Tuseme pia kwamba sehemu ya nyuma hushuka sentimita 1 kwa kila kilo 100 zinazoongezwa kwenye bodi. Mwenye gari akipakia kilo 400, nafasi inayobaki ni sentimita 6, na gari bado linaweza kumeza mashimo ya kawaida.

Sasa pikapu hiyohiyo ishushwe nyuma kwa sentimita 5 bila kubadilisha kitu kingine. Ikiwa tupu ina sentimita 5. Ikipakiwa zile kilo 400, inabaki sentimita 1. Mzigo ni uleule na springi ni ileile, lakini kila tuta sasa ni pigo. Ikifika kilo 500, ekseli imelala juu ya mpira, na gari halina tena springi kwa nyuma.

Namba hizi ni za mfano, na kila gari lina vipimo vyake. Hata hivyo zinaonyesha kwa nini mteja anapaswa kumweleza fundi mzigo halisi anaobeba. Pikapu ya kubebea saruji na pikapu ya kwendea ofisini haziwezi kushushwa kwa kiasi kimoja.

3. Njia zinazotumika mbele

Pikapu nyingi za kisasa zina springi za koili mbele, yaani waya nene wa chuma uliozungushwa. Njia rahisi kuliko zote, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kukata koili. Watu hudhani kwamba springi iliyokatwa huwa laini kwa kuwa ni fupi. Kinyume chake ndicho kweli. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ikikatwa mzunguko mmoja, ugumu wake huongezeka kwa takriban asilimia 14. Mteja anapata gari gumu zaidi lenye nafasi ndogo zaidi. Isitoshe, ncha iliyokatwa huenda isikae vizuri kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuhama.

Kuna pia wanaopasha springi moto kwa gesi mpaka ilegee. Chuma cha springi hupata nguvu yake kiwandani kwa joto linalodhibitiwa. Moto wa gereji huiharibu nguvu hiyo, na springi huendelea kulegea au hukatika siku isiyotarajiwa. Ukisikia pendekezo hili, ondoka na gari lako.

Njia inayokubalika ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili ya aina ya gari lako, pamoja na shokomzoba zenye urefu unaolingana nazo. Kwa gari la matumizi ya kawaida, kushuka kwa sentimita 3 hadi 5 kwa njia hii kunaweza kuacha mwendo mzuri.

Baadhi ya pikapu, hasa za miaka ya nyuma, hazina koili mbele. Zina nondo ndefu za chuma zinazojisokota gurudumu linapopanda. Nondo hizi hurekebishwa kwa bolti, na fundi anaweza kushusha gari kwa kuilegeza bolti hiyo bila kununua kifaa chochote. Ugumu wa nondo haubadiliki, na kazi inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa. Lakini kila sentimita inayoshushwa huondolewa kwenye nafasi ya gurudumu kupanda. Njia hii inafaa kwa marekebisho madogo tu.

Njia inayohifadhi ulaini kuliko nyingine ni kubadilisha kile kipande cha chuma kinachobeba habu ya gurudumu, na kuweka kingine ambacho habu yake imewekwa juu zaidi. Gurudumu hupanda kuelekea kwenye bodi, lakini springi, shokomzoba na mikono ya gurudumu hubaki mahali pake pa asili, kwa hiyo nafasi ya mwendo haipungui. Gharama yake ni kubwa, na vifaa vya aina hii hupatikana zaidi kwa pikapu zinazoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba rimu na matairi yako hayatagusa kipande hicho kipya wala madigadi.

4. Njia zinazotumika nyuma

Nyuma, pikapu nyingi hutumia springi za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Jambo la kwanza la kuangalia ni kama springi imepita chini ya ekseli au juu yake.

Ikiwa springi iko chini ya ekseli, fundi anaweza kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, na gari likashuka kwa unene wa kipande hicho. Springi haiguswi, kwa hiyo ugumu wake haubadiliki. Kipande kiwe kimoja kizima, chenye kidole cha kuingia kwenye tundu la katikati. Visikubaliwe vipande vilivyopangwa viwili viwili, wala mbao. Yubolti ziwe mpya na zenye urefu unaofaa, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Ikiwa springi iko juu ya ekseli, kuweka kipande kati yake kutalipandisha gari. Hapo mafundi huhamisha ekseli na kuiweka juu ya springi. Mabadiliko haya ni makubwa, na mara nyingi hushusha gari kwa sentimita 12 hadi 15. Ekseli hukaribia chesisi mno, na ili kupata nafasi ni lazima chesisi ikatwe umbo la upinde na kuimarishwa kwa bamba la chuma. Kukata na kuchomelea chesisi ya gari la mizigo si kazi ya kila fundi. Kwa mtumiaji wa kawaida, ushauri wetu ni kuiacha njia hii.

Njia ya tatu ni kutoa bamba moja au mawili. Gari likiwa tupu, mwendo huwa laini kweli, na mteja hufurahi. Lakini uwezo wa kubeba umepungua, na mabamba yaliyobaki hujipinda yanapopokea nguvu ya kuondoka na ya kufunga breki. Afadhali kununua springi mpya zenye mpindo mdogo, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mtengenezaji awe ameandika uzito zinaoweza kubeba.

5. Mambo yanayosahaulika

Breki. Pikapu nyingi, hasa zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa nguvu ya breki, zina vali iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kazi yake ni kutambua mzigo: chesisi ikikaribia ekseli, vali huelewa kwamba gari limepakiwa, na huongeza nguvu ya breki za nyuma. Pikapu iliyoshushwa humdanganya mlinzi huyu. Gari tupu huonekana kana kwamba lina mzigo, magurudumu ya nyuma hufunga mapema, na kwenye barabara yenye maji sehemu ya nyuma inaweza kuzunguka ikaja mbele. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari.

Mpangilio wa magurudumu. Gari likishuka mbele, pembe za magurudumu hubadilika. Bila kufanyiwa alaimenti, matairi huliwa upande mmoja na usukani huvuta.

Propela. Ekseli ikihama, pembe ya propela hubadilika. Mtetemo unaosikika katika mwendo fulani ni dalili ya kosa hili.

Shokomzoba. Zile za zamani zikibaki kwenye gari lililoshushwa sana, zinaweza kufika mwisho wake kabla ya mpira wa kizuizi kuguswa, zikavuja au kuvunjika.

Taa. Kama mbele na nyuma hazikushuka sawasawa, mwanga wa taa huhama. Ni lazima ukapimwe upya.

6. Jihadhari na jina la kifaa

Mtindo wa kushusha pikapu ndogo za Kijapani ulishika kasi Marekani, hasa California, katika miaka ya 1970 na 1980, na vifaa vingi vinavyouzwa bado hutengenezwa kwa soko hilo. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba kifaa cha Toyota Tacoma kinaingia kwenye Toyota Hilux kwa kuwa ni kampuni moja. Tacoma ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1995 ikiwa na chesisi yake, tofauti na ya Hilux inayouzwa kwetu. Dai namba ya kifaa, na ulinganishe na aina, mwaka na mfumo wa uendeshaji wa gari lako.

7. Pima mwenyewe

Huhitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa. Kwa kila gurudumu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Kisha pima nafasi kati ya mpira wa kizuizi na ekseli. Rudia ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida. Andika vipimo vyote na tarehe. Gari likitoka gereji, pima tena vilevile. Ikiwa nafasi ya nyuma, gari likiwa na mzigo, imebaki chini ya nusu ya ilivyokuwa, gari limeshushwa kupita kiasi kwa kazi yako.

8. Makubaliano na fundi

Kabla ya kazi kuanza, hakikisha haya yameandikwa:

– kiasi cha kushuka mbele na nyuma kwa sentimita;
– njia itakayotumika, na katazo la kukata au kupasha moto springi;
– vifaa vitakavyofungwa, namba zake na dhamana yake;
– kwamba alaimenti, vali ya breki na taa vimo ndani ya bei;
– kwamba springi na vifaa vya asili utarudishiwa.

Jambo hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Vifaa vya asili ndivyo vitakavyolirudisha gari katika hali yake ukibadili nia au ukitaka kuliuza. Dai risiti ya EFD, na uiarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwa maana mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuleta ubishi siku ya kudai fidia.

Kazi ikiwa si ile mliyokubaliana, usiendelee kubebesha gari mizigo. Mwandikie mwenye gereji ukieleza kasoro pamoja na vipimo vyako vya kabla na baada, na umpe muda wa kurekebisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Mteja mwenye mkataba, risiti na vipimo mkononi huwa na hoja inayosikilizwa, na mara nyingi mgogoro wake humalizika hapohapo gereji.