Kanuni za Maadili kwa Wachangiaji wa Programu Huria

Kijana wa Umoja, Kayole au Dandora anayejifunza kuandika programu za kompyuta anaweza kupata uzoefu kabla ya kuajiriwa, kwa kuchangia miradi ya programu huria. Hizi ni programu ambazo msimbo wake uko wazi. Leseni yake humruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Mchango wa kijana hubaki hadharani, na maneno aliyowaandikia wenzake hubaki pia. Mwajiri anaweza kuyasoma yote miaka mingi baadaye.

Kenya ina historia katika kazi hii. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishirikiana na wenzao kuanzisha Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Msimbo wake ulifanywa huria, na mwaka 2010 mfumo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kwa nini kanuni zinahitajika?

Wachangiaji wa mradi mmoja huenda wasionane kamwe. Hawasikii sauti wala kuona uso. Husoma maandishi tu, na mzaha huweza kugeuka tusi. Kama vile chama cha akiba kinavyohitaji katiba ili wanachama wasigombane, mradi nao huhitaji kanuni zinazojulikana na wote. Miradi mingi hutumia Contributor Covenant, waraka ulioandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014.

Zinasema nini?

Mchangiaji anatarajiwa kuheshimu maoni tofauti, kupokea masahihisho kwa moyo mkunjufu na kuomba radhi akikosea. Matusi, lugha ya kimapenzi isiyofaa, usumbufu na kuanika anwani ya mtu bila idhini yake ni marufuku. Nchini Kenya, data za kibinafsi zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Msingi wake ni kukosoa kazi, si mtu. Kuandika, "Mstari huu unafanya programu ikwame kwenye simu yenye nafasi ndogo, jaribu njia hii," kunamsaidia mwenzako. Kuandika, "Nani alikufunza kazi?" hakurekebishi kasoro yoyote, na huenda kukamfukuza mgeni ambaye angekuwa mchangiaji mzuri.

Kanuni hizo hukataza pia kumbagua mtu kwa kabila, jinsia, dini, umri au kiwango cha elimu. Kwa Wakenya, jambo hili lina uzito wake, kwani jina la akaunti pekee laweza kumfanya msomaji akisie kabila la mwenye akaunti. Mchango upimwe kwa ubora wake.

Wakubwa nao wanafungwa na kanuni

Septemba 2018, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa barua pepe kali alizokuwa akiwaandikia wachangiaji, akapumzika kwa muda. Wakati huohuo, mradi wake ulianza kutumia kanuni mpya zilizotokana na Contributor Covenant.

Ukikosewa

Usijibu tusi kwa tusi. Hifadhi picha ya maandishi hayo, kisha wasilisha malalamiko kwa wasimamizi kupitia anwani iliyo kwenye kanuni za mradi. Wasimamizi wanapaswa kulinda siri ya mlalamishi. Toleo la 2020 la Contributor Covenant linataja hatua nne wanazoweza kuchukua: kumrekebisha mkosaji, kumpa onyo, kumfungia kwa muda, au kumfungia kabisa. Vitisho vya kumdhuru mtu viripotiwe pia katika kituo cha polisi.

Kabla ya kutuma mchango wa kwanza

• Fungua faili iitwayo CODE_OF_CONDUCT katika ukurasa wa mradi, uisome yote.
• Angalia kama ina anwani ya kupeleka malalamiko. Isipokuwepo, waulize wasimamizi.
• Soma jinsi wachangiaji wa zamani wanavyowajibu wageni.
• Anza na kazi ndogo. Asiyejua kuandika msimbo anaweza kutafsiri maelezo ya programu kwa Kiswahili, na kanuni ni zilezile.